USAFI WA NGAMA NI KAZI YA FUNDI, SI KAZI YA ADHABU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kisumu)



Tumeombwa tuseme juu ya kazi ambayo wengi huikimbia: kutoa maji na mafuta katika ngama ya meli na chini ya mashini. Pengine mtu atauliza, watu wa reli wana habari gani na meli? Ndugu, reli ilifika hapa Kisumu mwaka 1901, na tokea siku zile reli na meli za ziwa hili ni watu wa nyumba moja. Behewa huingia ndani ya meli juu ya njia yake ya chuma, na sisi huingia pamoja nalo.

Ngama ni pale chini kabisa, kwenye mbavu za meli, ambapo kila kinachovuja hukutana. Maji hupenya pale chuma cha kuzungusha rafadha kinapotokea nje. Mafuta hudondoka kwenye mashini na kwenye maungio ya mabomba. Kutu, masizi na matambara navyo huanguka humo humo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki si cha heri.

Yakiachwa, yana hasara tatu. Ya kwanza ni moto, maana mafuta yaliyotanda chini ya mashini yangoja cheche tu, na moto ukishashika huko chini ni vigumu kuuzima. Ya pili, maji yaliyo huru ndani ya meli hukimbilia upande ule inakolalia, yakaizidishia kulala. Ya tatu, tambara moja likivutwa na pampu huziba kichujio, na siku meli inapotoboka pampu haivuti kitu. Meli nzima yaweza kushindwa na tambara la kufutia mikono.

Lakini ndugu, hasara iliyo kubwa kuliko zote ni mtu. Hewa ya kawaida ina sehemu 21 za oksijeni katika kila 100. Mahali palipofungwa siku nyingi, chuma kinachoshika kutu huila oksijeni hiyo, bila moshi wala harufu. Na maji machafu yaliyooza hutoa hewa ya sumu inayonuka kama mayai mabovu. Ikiwa kidogo, utaisikia. Ikizidi, huua pua kwanza, kisha mwenye pua. Kwa hiyo yule anayesema, "Harufu imekwisha, tushuke," huenda ndiye aliye karibu na kaburi. Na mara nyingi hafi mmoja. Wa kwanza huanguka, wa pili hukimbia kumwokoa naye huanguka juu yake. Huruma bila vifaa huongeza maiti.

Basi utaratibu ni huu, na tuushike:

1. Milango yote ifunguliwe, feni ipulize hewa safi mpaka chini, mashini izimwe, na pasiwe na sigara wala taa inayotoa cheche.

2. Hewa ipimwe kwa chombo cha kupimia, juu, katikati na chini. Pua si kipimo.

3. Anayeshuka afungwe kamba, na mwenzake akae mlangoni. Huyo wa mlangoni hana kazi nyingine, asitumwe popote. Mwenzake akianguka, apige kelele kuita watu wenye vifaa vya kupumulia, wala asishuke.

4. Mavujio yatafutwe na kuzibwa kwanza. Kufua maji huku bomba linavuja ni kujichosha bure.

5. Mafuta huelea, kwa hiyo yaondolewe kwanza juu ya maji kwa vitambaa vinavyonyonya mafuta. Maji yaliyobaki yavutwe mpaka kwenye mapipa au tangi, yatulie, kisha yatenganishwe na mafuta.

6. Matambara yenye mafuta yatiwe katika pipa la chuma lenye kifuniko. Yakirundikwa, mengine huweza kupata joto na kuwaka yenyewe.

7. Ngama ikikauka ipakwe rangi nyeupe, ili tone jipya lionekane siku ile ile.

Wako watu wanaomwaga sabuni ngamani, wakakoroga, kisha wakapiga pampu mpaka ziwani, wakasema maji ni safi. Huo ni udanganyifu. Sabuni haiondoi mafuta, huyaficha tu, na mashini ya kutenganisha haiwezi tena kuyakamata. Kwa meli za baharini, mkataba wa mataifa wa mwaka 1973, ulioongezwa mwaka 1978, hauruhusu zaidi ya sehemu 15 za mafuta katika milioni. Katika pipa la lita 200, hayo hayajazi kijiko cha chai. Na ziwa hili si bahari. Sehemu ya maji ya mji huu huvutwa pale Dunga. Tukilimwagia mafuta, twayamwaga katika sufuria za wake zetu.

Sasa neno la chama. Tumeona mahali ambapo kazi hii hupewa kibarua wa jana, au mtu aliyechelewa, kama adhabu, bila glavu, naye huambiwa amalize kabla ya saa ya chakula. Hapo ndipo watu hufa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamwagiza mwajiri atoe mavazi ya kukinga. Tena yasema mfanya kazi aliyeondoka mahali anapoamini kwa haki kuwa pana hatari kubwa ya maisha, asifukuzwe wala kuadhibiwa. Lakini kwanza amwarifu msimamizi wake, asiondoke kimya kimya.

Kwa hiyo tudai mambo manne: kipimo cha hewa, mtu wa mlangoni, mavazi, na saa za kutosha. Na tukisha kuvipata, tuvitumie. Mwanachama anayeacha kipimo sandukuni kwa sababu ya haraka amekivunja chama kwa mkono wake mwenyewe.

Mfanya kazi akishuka chini, chama kiwe mlangoni.