Chanzo Kilichokaa Mezani Kwetu



Miaka kadhaa iliyopita, binti aliyekuwa fildi katika chumba chetu cha habari aliniletea simu yake, mkono unamtetemeka. Saa tano usiku alikuwa ametumiwa ujumbe na akaunti isiyo na jina, yenye picha ya ua waridi. "Lile gauni la kijani lilikupendeza kikaoni. Ajira unaitaka au huitaki?" Chini yake kulikuwa na picha ambayo siwezi kuielezea mbele ya watu wazima waliomo humu.

Kikaoni. Neno hilo lilitosha. Asubuhi ile tulikuwa watu kumi na mmoja mezani. Aliyeandika alikuwa mmoja wetu, pengine alinisogezea chupa ya maji. Nami, mhariri niliyesimamia habari za uchunguzi, nilimwambiaje? "Mbloki tu, mwanangu, achana naye." Haikupita wiki mbili akaacha kuja. Kosa lile ni langu, na linaniuma hadi leo.

Angekuja mtu na ujumbe kama huo kuhusu waziri, tungefunga mlango, tukahifadhi kila skrini, tukalinganisha saa na tarehe, tukamwapia kwamba jina lake halitatoka hata tukifikishwa mahakamani. Chanzo kikiwa ni binti wa dawati la pili, tunamtaka ajitokeze hadharani na ushahidi alete mwenyewe. Anayemtongoza kajificha nyuma ya ua, hatushtuki. Yeye akiomba asitajwe, tunamwita mzushi.

Lakini inawezekana kufanya vingine. Huko Marekani, Novemba 2017, kituo cha NBC kilipokea malalamiko ya mwenendo usiofaa wa kingono Jumatatu usiku dhidi ya Matt Lauer, mtangazaji wake mashuhuri wa asubuhi. Jumatano, tarehe 29, kikatangaza kwamba kimemfukuza kazi. Mfanyakazi aliyelalamika, kituo hakikumtaja jina. Lauer amekana kumlazimisha mtu yeyote, na haki hiyo ya kujibu anayo, kama atakavyokuwa nayo kila atakayetuhumiwa kwetu. Jina la mtu likishachafuliwa kwenye makundi ya WhatsApp halisafishiki. Hiyo ndiyo sababu nataka tuchunguze, tusinong'one.

Sheria tunazo. Hapa Tanzania, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mwenye mamlaka anayefanya ngono kuwa sharti la ajira au cheo. Majirani zetu Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo, wanamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Laini zetu za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo hata aliyejificha nyuma ya ua angeweza kutafutwa. Binti yule hakukosa sheria. Alikosa mtu wa kumsikiliza siku ile, na mtu huyo nilipaswa kuwa mimi.

Ninachowaomba ni kidogo. Kabla ya kikao cha kesho asubuhi, kila chumba cha habari kibandike ukutani jina na namba ya mtu wa kupokea malalamiko haya: mtu wa nje, asiyepanga zamu, asiyesaini mikataba, asiyekula na bosi. Awe na uwezo wa kuyafikisha TAKUKURU au polisi bila kuomba ruhusa yetu. Na katika chumba chetu, jina hilo lisiwe langu.