Maktaba ya McMillan: Tunalinda Ukuta au Mlango?

Majengo ya kale ya Nairobi kwa kawaida hulindwa na sheria ya jumla ya turathi, lakini Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, iliyoko Banda Street jirani na Msikiti wa Jamia, ina sheria yake yenyewe iliyotungwa mwaka 1938. Wahifadhi wa majengo huitaja sheria hiyo kwa fahari, nami siwalaumu, maana katika jiji ambalo kila kipande cha ardhi kinamezewa mate, maandishi ya sheria ni ngao. Hata hivyo, hoja ya mada hii ni kwamba historia nzito zaidi ya jengo hili ni historia ya mlango wake: nani alipita, nani alizuiwa. Kwa hiyo ukarabati wake upimwe kwanza kwa wasomaji unaowaingiza, na uzuri wa mawe ufuate baadaye.

Aliyekumbukwa ni Sir William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani kutoka St. Louis aliyehamia Kenya akawa mlowezi mwenye shamba kubwa la Juja, ambako Theodore Roosevelt alikaribishwa mwaka 1909. McMillan alifariki mwaka 1925 akazikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mjane wake, Lucie, ndiye aliyeisimamisha maktaba hii kwa jina la mumewe, akisaidiwa na fedha za Shirika la Carnegie, nayo ikafunguliwa mwaka 1931. Mtindo wake uliazimwa kwa Wagiriki na Warumi wa kale: sura ya mbele imelingana kulia na kushoto, nguzo ndefu zimesimama mbele ya mlango, na ngazi pana zinampandisha mgeni kutoka barabarani. Ngazi hizo zinalindwa na simba wawili wa mawe, na hii katika nchi ambayo walowezi walijivunia kuwapiga risasi simba walio hai. Ukilitazama kwa haraka utadhani ni mahakama au benki. Ni jengo linalomtaka anayelikaribia ajiulize kwanza kama anastahili kuingia.

Kwa Mwafrika na Mhindi wa mwaka 1931 jibu lilikuwa limekwisha kutolewa: maktaba ilikuwa ya Wazungu peke yao, na hali hiyo ilidumu hadi uhuru ulipokaribia, Baraza la Jiji lilipoichukua na kuufungulia umma. Ubaguzi huo hauwezi kusamehewa kwa kusema kwamba ndivyo zama zilivyokuwa. Mombasa ilikuwa na Maktaba ya Seif bin Salim tangu 1903, iliyoanzishwa kama chumba cha kusomea bila malipo. Wazo la maktaba ya watu wote, basi, lilikuwa limekwisha kufika katika nchi hii miaka 28 kabla ya simba wa McMillan kuketi.

Wapo wanaosema kwamba ikiwa ndivyo, jengo hili ni sanamu ya ukoloni na halistahili hata shilingi ya kodi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inayatwika mawe dhambi ya watu. Maktaba ya umma ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1911, nayo ina ngazi pana, nguzo na simba wawili wa mawe, na milango yake ilikuwa wazi kwa umma. Sura zinafanana, ruhusa zikatofautiana. Kilichobagua Nairobi kilikuwa kanuni, na kanuni iliondolewa bila kung'olewa tofali. Tena ndani ya kuta hizo yamo magazeti na nyaraka za enzi ya ukoloni, ambazo mjukuu wa aliyefukuzwa mlangoni anazihitaji ili aandike habari za babu yake. Kulibomoa jengo kungemnyima mara ya pili.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi: kwa nini fedha ziende katikati ya jiji, wakati watoto wa mitaa ya mashariki hawana pa kusomea? Hapa naona mfano wa kuigwa. Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, liliingia ubia na Kaunti ya Nairobi kukarabati McMillan pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na matawi ndiyo yaliyotangulia kukarabatiwa. Mpangilio huo ni sahihi. Msomaji wa Kaloleni hakufanywa asubiri nguzo za mjini zing'arishwe.

Linabaki suala ambalo wasanifu waliomo humu hawatalipenda. Ngazi za mbele hazibagui tena rangi, lakini zinabagua miguu: anayetumia kiti cha magurudumu hazipandi. Mhifadhi atasema njia ya mteremko itaharibu ulinganifu wa sura ya mbele. Uharibike. Ulinganifu huo ulichorwa wakati ambapo wengi wetu hatukutarajiwa kuingia, na kumpeleka mtu mlango wa nyuma ni desturi ambayo jengo hili limeizoea mno. Naiomba kamati itakayoandika maazimio ya semina hii ipendekeze mteremko huo ujengwe mbele, kando ya simba.