Mwaka wa 1908 na Haki katika Michezo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya michezo ya dunia. Nimechagua mwaka mmoja tu, 1908, maana mwaka ule ulionyesha wazi kwamba nguvu za miguu na mikono peke yake hazimtoshi mshindani. Sharti pawepo na haki.

Michezo ya Olimpiki ya mwaka ule ilifanyika London. Tarehe 24 Julai palikuwa na mbio za maili 26 na yadi 385, kutoka Windsor hata kiwanjani. Wa kwanza kuingia alikuwa Mwitalia, Dorando Pietri, walakini nguvu zilikuwa zimekwisha kumwishia. Alipotea njia, akaanguka mara kwa mara, na wasimamizi wakamwinua mpaka akafika mwisho. Wamarekani wakaleta malalamiko, kwa kuwa mkimbiaji hana ruhusa kusaidiwa, na ushindi akapewa mtu wao, Johnny Hayes. Kesho yake Malkia Alexandra alimpa Pietri kikombe. Tazameni, basi: sheria ilishika njia yake, na huruma ikashika njia yake, wala moja haikuiharibu nyingine.

Siku moja kabla ya hayo, katika mbio za mita 400, mambo hayakwisha kwa amani. Waamuzi walisema kwamba Mmarekani Carpenter alimzibia njia Halswelle wa Uingereza, wakaamuru mbio zirudiwe bila Carpenter. Wamarekani wawili waliosalia wakakataa, na Halswelle akakimbia peke yake. Pengine waamuzi walisema kweli. Lakini wote walikuwa Waingereza, na mwamuzi wa upande mmoja, ajapokuwa mwadilifu, ni shida kusadikiwa na upande wa pili.

Jambo la tatu lilitokea Sydney, tarehe 26 Desemba. Jack Johnson, mtu mweusi wa Marekani, alikuwa ametafuta kwa muda mrefu nafasi ya kupigania ubingwa wa ngumi. Bingwa wa zamani, James Jeffries, alikataa kabisa kupigania ubingwa wake na mtu mweusi. Johnson akamfuata bingwa Tommy Burns mpaka Uingereza, kisha Australia. Katika raundi ya 14 polisi walisimamisha pigano, na Johnson akawa bingwa wa dunia. Hata hivyo Burns aliyeshindwa ndiye aliyelipwa fedha nyingi zaidi.

Waungwana, sina haja ya kuwaeleza makarani maana ya neno hilo la mwisho. Mtu aliyefungiwa mlango hawezi kupimwa, wala hapana ajuaye uhodari wake. Kwa hiyo naomba sisi tuanze kwetu: katika mashindano yetu waamuzi wachaguliwe na pande zote mbili, sheria isomwe kabla ya mchezo, na mlango uwe wazi kwa kila mwanachama, mkubwa kwa mdogo.