MAELEZO YA KATIBU WA TAWI: MNUNUZI WA LEO ASIWE MUUZAJI WA KESHO

Kwa ambao hamkufika kikaoni Jumapili, haya ndiyo niliyosema kuhusu Azimio Na. 3 tunalotaka kulipeleka kata.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe,

Baadhi yenu mmeuliza: kama mtumishi hakupokea bahasha, kosa lake ni lipi? Nawapa mfano wa Marekani, kwa kuwa ulifika mahakamani.

Darleen Druyun alikuwa afisa wa juu wa manunuzi katika Jeshi la Anga. Mwaka 2002 aliisimamia serikali kwenye mazungumzo ya kukodi ndege 100 za kujazia mafuta angani kutoka Boeing, mpango wa zaidi ya dola bilioni 20. Oktoba mwaka huohuo, akiwa bado ofisini, alikutana na mkuu wa fedha wa Boeing, Michael Sears, wakazungumzia ajira yake. Januari 2003 akaanza kazi hukohuko, kwa mshahara wa dola 250,000 kwa mwaka. Binti yake na mchumba wa binti huyo walikuwa wameajiriwa Boeing tangu 2000, kwa maombi yake.

Bahasha haikuwepo. Lakini alikiri mahakamani kwamba alikubali bei kubwa kuliko iliyostahili, kama zawadi ya kuagana. Alifungwa miezi 9, Sears miezi 4. Mpango ukafutwa, na mwaka 2006 Boeing ikakubali kulipa dola milioni 615 kumaliza madai ya serikali, likiwemo hilo.

Kwenye uhasibu kanuni ni moja: anayeidhinisha malipo asiwe ndiye anayelipwa. Ahadi ya kazi ni malipo, ila yamecheleweshwa. Hayana hundi wala risiti, mkaguzi hayaoni. Na kwenye ulinzi mikataba mingi ni siri, hivyo hata bei ya kulinganisha hatuna.

Mmesema tusimnyime mstaafu riziki. Kweli, ujuzi ni mali yake. Tunachotaka asubiri. Sheria ya Marekani inamzuia aliyesimamia mkataba wa zaidi ya dola milioni 10 kulipwa na kampuni husika kwa mwaka mmoja, lakini inamruhusu kwenda idara nyingine ya kampuni hiyohiyo isiyotengeneza bidhaa ileile. Huo ni mlango wa uani.

Kwa hiyo azimio letu linasema:

1. Asubiri miaka 2, kwa kampuni nzima na matawi yake.
2. Akiahidiwa kazi na mzabuni, atoe taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo na ajitoe kwenye zabuni.
3. Masharti haya yaanze na sisi, kwenye kamati ya ujenzi wa ofisi ya tawi.

Najua kipengele cha 3 kinatugusa. Tukikiondoa, hatutakuwa na uso wa kuwadai wakubwa vile viwili vya kwanza.

Kura ni Jumapili ijayo, saa 9 alasiri. Njooni na kadi zenu.

Katibu wa Tawi