Mionzi ya Saratani na Habari Zilizomo Damuni

Mgonjwa wa saratani ya nyuma ya pua hupigwa mionzi kwa majuma sita au saba, na muda wote huo hujiuliza: je, tiba inafanya kazi? Damu yake yaweza kumjibu.

Saratani hiyo, iliyoenea sana kusini mwa China, mara nyingi hubeba virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe uliotoka Uganda. Seli zake zikifa, vipande vya DNA ya virusi huingia damuni. Mwaka 2000, Profesa Dennis Lo na wenzake wa Hong Kong walieleza kwamba katika juma la kwanza la mionzi vipande hivyo viliongezeka. Nani asingeogopa? Kumbe, kwa maoni yao, ni seli za saratani zilizokuwa zikifa. Baadaye vilipungua kwa nusu kila siku nne hivi.

Ambaye vipande vyasalia damuni mwake baada ya tiba yumo hatarini zaidi. Hata hivyo, wagonjwa 104 wa namna hiyo walipofanyiwa utafiti huko Hong Kong, uliochapishwa mwaka 2018, waliopewa dawa za ziada hawakupata nafuu kuliko wenzao.