Tuanze Chini, Jukwaa Baadaye

Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, Uwanja wa Mkapa pale Dar es Salaam, uliofunguliwa 2007, una viti 60,000. Tunavisifia viti. Lakini uwanja unachezeka baada ya mvua kwa sababu ya vilivyo chini ya nyasi: mchanga, kokoto, mabomba ya kutoa maji. Kwetu masika ni tope, kiangazi ni vumbi na magoti yaliyochubuka. Najua wengine mnataka tuanze na jukwaa, maana linapendeza kwenye picha. Mimi sikubali. Tusawazishe kwanza, tuchimbe mitaro, halafu kisima. Shida ya maji Handeni mnaijua. Wageni rasmi watakaa kwenye mabenchi chini ya mwembe. Mwenye lori alete kokoto. Mwenye fedha, mweka hazina yuko pale mlangoni.