Hekima ya Mbuni

Tangu utoto tumesikia kwamba mbuni ni ndege mpumbavu, ambaye akiona hatari huficha kichwa chake mchangani, akidhani ya kuwa asipoona haonekani. Nasi walimu tumewafundisha watoto maneno hayo pasipo kuyachunguza. Leo twataka kuyasahihisha.

Mbuni hafichi kichwa mchangani. Akiwa juu ya mayai, aonapo adui hulala na kuinyosha shingo yake juu ya ardhi, hata kwa mbali huonekana kama kichuguu tu. Akiwa hana mayai, hutoka mbio, naye aweza kufikia mwendo wa kilomita 70 kwa saa, akikanyaga kwa vidole viwili tu vya kila mguu. Kuruka hawezi, maana uzito wake hupita kilo 100.

Habari za kiota chake ni za ajabu zaidi. Dume hukwangua shimo la kina kifupi ardhini, na majike kadhaa hutaga humo; lakini jike mmoja tu, mkubwa wao, huatamia pamoja na dume. Jike hukaa mchana, kwa kuwa rangi yake yafanana na vumbi. Dume mweusi hushika zamu ya usiku. Hupokezana hivyo kwa siku 42 hivi.

Mtaalamu Brian Bertram, aliyewachungua mbuni wa Tsavo Magharibi katika miaka ya 1970, aligundua kwamba jike mkubwa huyatambua mayai yake mwenyewe. Mayai yakizidi yale yawezayo kufunikwa, yapata 20, husukuma nje ya wenzake, na yake huyaweka katikati. Basi tumbusi au mbweha akija, mara nyingi hupotea kwanza yale ya pembeni. Je, huyu ndiye mpumbavu?

Lakini hekima hiyo haimfai mbele ya mwanadamu, achukuaye yote. Mbuni wa Bara Arabu waliwindwa kwa bunduki na motokaa hata wakaisha kabisa katika karne ya 20. Mbuni wa Kisomali, mwenye shingo ya kijivu na samawati, aishiye hata kaskazini ya Kenya, naye yumo hatarini, kwa kuwa huwindwa na mayai yake huokotwa.

Basi tukikuta kiota porini, tupite mbali, na watoto wetu tuwafundishe vivyo hivyo. Kwani tukiijua hatari hiyo nasi tukageuza uso, ni nani afichaye kichwa mchangani?